Msaada wa Afya ya Akili kwa Wanaoishi na Saratani: Karatu na Ngorongoro

Wananchi wanaarifiwa kwamba huzuni, hofu na hali ya kukata tamaa inayompata mgonjwa wa saratani si udhaifu wa moyo wala upungufu wa imani. Ni sehemu ya maradhi, ina tiba, na mgonjwa anapaswa kuiomba tiba hiyo pale pale anapotibiwa saratani. Maelezo yanayofuata yanahusu Wilaya za Karatu na Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, ambako masafa, lugha na desturi hudhihirisha jambo linalowapata wagonjwa wa mahali pengi: uvimbe hupimwa na kufuatiliwa, lakini mwenye uvimbe haulizwi analalaje.

UZITO WA JAMBO LENYEWE

Kutoka Karatu mjini hadi Arusha ni mwendo wa kilomita zipatazo 150, na hadi Moshi, ilipo Hospitali ya Rufaa ya KCMC, huongezeka nyingine 80. Anayetoka Endulen au Nainokanoka hana budi kwanza kuivuka hifadhi na kupanga safari yake kwa kufuata saa za Lango la Lodoare. Aidha, kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini ilipatikana Dar es Salaam peke yake, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Wagonjwa wa Unguja na Pemba, ambao nao wamekuwa wakivuka bahari kuifuata tiba hiyo, wanaufahamu vyema upweke wa wodi iliyo mbali na nyumbani.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini, na mionzi yake huweza kuchukua wiki tano au zaidi. Mama anayekwenda kutibiwa huacha watoto, shamba na mifugo, na mara nyingi husafiri na msindikizaji mmoja au bila msindikizaji. Akikata tamaa katikati ya tiba, huondoka kimya. Daftari la kliniki litaandika kuwa ametoroka, kumbe moyo ndio uliochoka. Kwa hiyo kumhudumia mgonjwa kiakili si jambo la ziada. Ni njia mojawapo ya kuhakikisha kwamba tiba ya saratani inakamilika.

DALILI ZA KUANGALIWA

Ikumbukwe kwamba uchovu, kukonda, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula huweza kuletwa na saratani yenyewe au na dawa zake. Dalili hizo peke yake hazitoshi kuonyesha kwamba mgonjwa ana sonona. Jamaa na wahudumu watazame zaidi mambo mawili: je, kwa muda wa wiki mbili mgonjwa amekuwa na huzuni au hali ya kukata tamaa karibu kila siku? Je, amepoteza furaha kwa mambo aliyokuwa akiyapenda, kama vile wajukuu, ibada, mazungumzo ya jioni au kuitazama mifugo yake ikirudi? Jibu likiwa ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo, ni wajibu kumweleza mtabibu.

Kadhalika, ipo hali inayofanana na wazimu lakini chanzo chake kimo mwilini. Mgonjwa aliyebadilika ghafla kwa siku moja au mbili, akawa hajui alipo au anaona visivyokuwapo, hahitaji nasaha kwanza. Huenda ana maambukizo, upungufu wa maji, chokaa iliyozidi katika damu au madhara ya dawa. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa, na dawa zote anazotumia zichukuliwe pamoja naye.

MAUMIVU NA TIBA SHUFAA

Si rahisi kumtuliza moyo mtu ambaye mwili wake unaungua kwa maumivu. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi yana pande nne: mwili, akili, jamaa na roho. Mafundisho hayo ndiyo msingi wa huduma iitwayo tiba shufaa. Katika Afrika ya Mashariki, Nairobi ilipata huduma hiyo mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Mkoani Arusha, Hospitali ya Kilutheri ya Selian iliianza mwaka 1999, kisha huduma ikaenea katika hospitali nyingine za Kanisa hilo.

Wananchi waondoe dhana kwamba tiba shufaa ni ya wanaokaribia kufa tu. Mgonjwa anaweza kuipata tangu siku alipoambiwa ana saratani, huku akiendelea na tiba nyingine. Vilevile mofini ya maji, inayotolewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu makali ya saratani, haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi wa dawa. Kero yake ya kawaida ni kufunga choo, nayo ina dawa yake. Ni kawaida mtu aliyesemekana amekata tamaa kuanza tena kuzungumza na kula baada ya kulala usiku mmoja bila maumivu.

MAHALI PA KUANZIA

Mgonjwa au jamaa yake anashauriwa kufuata utaratibu huu:

(a) Aanze na kituo kilicho karibu naye. Kwa Karatu, mbali na zahanati na vituo vya afya, ipo Hospitali ya Kilutheri Karatu, na ipo Hospitali ya FAME iliyoanza mwaka 2008 kwa kutibu wagonjwa wa nje. Kwa upande wa Loliondo ipo Hospitali ya Wasso. Wakazi wa ndani ya hifadhi waulize Endulen ni huduma zipi zinazotolewa kwa wakati huo kabla ya kufunga safari.

(b) Aseme waziwazi. Maneno kama "mwili hauna nguvu" humfanya mtabibu atafute upungufu wa damu. Afadhali kusema: "Nina mawazo mengi, silali, na sioni faida ya kuendelea na tiba." Baada ya kusema hivyo, aulize kama kituo kina mshauri nasaha, muuguzi wa afya ya akili au mhudumu wa tiba shufaa.

(c) Akipewa rufaa, aombe tatizo la akili liandikwe katika barua ile ile ya saratani. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilipata kituo cha saratani mwaka 2016, na inayo pia idara ya magonjwa ya akili. Safari moja iliyopangwa vizuri huweza kumfikisha kwa madaktari wa pande zote mbili.

(d) Asiye na uwezo wa kulipa amwone Ofisa Ustawi wa Jamii mapema. Deni na nauli ni mzigo wa akili kama ulivyo ugonjwa.

(e) Baadhi ya kaya za Ngorongoro zimehamia Msomera, Wilaya ya Handeni, tangu mwaka 2022. Mgonjwa anayehama, huko au kwingineko, achukue kadi, majibu ya vipimo na barua ya daktari. Akifika, ajitambulishe kituoni kabla dawa hazijamwishia, kwani amepoteza pia majirani waliozoea kumjulia hali.

LUGHA NA SIRI YA MGONJWA

Katika wilaya hizi huzungumzwa Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga na Kihadza, na si kila mzee hueleza huzuni yake kwa Kiswahili. Mgonjwa aruhusiwe kumchagua mkalimani mtu mzima anayemwamini. Si vyema mtoto kutafsiri maneno ya mama yake juu ya ugonjwa wa kizazi au juu ya kifo. Mwanamume asiyemudu kumfungukia muuguzi huenda akamfungukia mtu wa rika lake, na huyo ndiye afaaye kumsindikiza kliniki. Wazee wa kimila na viongozi wa dini wana nafasi kubwa ya kufariji, ili mradi hawamzuii mgonjwa kutumia dawa.

Baadhi ya jamaa humficha mgonjwa jina la ugonjwa wake kwa nia ya kumlinda. Hata hivyo, mgonjwa husoma nyuso za watu, na anachokisia huweza kuwa kibaya kuliko ukweli wenyewe. Aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, kisha aelezwe kwa upole, kidogo kidogo, pamoja na kinachoweza kufanyika.

TIBA YENYEWE

Kwa walio wengi tiba huanza kwa mazungumzo ya utaratibu. Si lazima yafanywe na daktari bingwa. Nchini Zimbabwe, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanza mwaka 2006 uliwafunza wanawake wazee wa mitaani kuwasikiliza watu na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu hao walipata nafuu zaidi ya wale waliopewa huduma ya kawaida.

Wengine huhitaji dawa za sonona. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, hivyo mgonjwa asiziache baada ya siku chache kwa kudhani hazifai. Anayetumia tamoksifeni kwa saratani ya matiti amweleze daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini, huweza kuipunguzia nguvu.

PANAPO HATARI

Mgonjwa akisema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, aulizwe moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kunyunyizia vitunguu na mazao mengine, dawa za kuogeshea mifugo, na hata dawa zake mwenyewe zifungiwe au zitunzwe na mtu mwingine.

Watunzaji nao wanahimizwa kupokezana zamu, kwa kuwa anayeuguza naye huchoka na huhitaji kuulizwa hali. Kila familia yenye mgonjwa wa saratani inaombwa iongeze swali moja katika safari ijayo ya kliniki: baada ya uvimbe kupimwa, mtabibu aombwe kumuuliza mgonjwa hali ya moyo wake, na asikilizwe mpaka amalize.