Dang'a: namna ya kukamua maziwa ya kwanza kwa ajili ya mtoto mchanga

Mama, maziwa mazito ya njano yanayotoka siku za kwanza baada ya kujifungua si machafu, wala hayajaharibika tumboni. Hayo ndiyo dang'a. Yana kinga nyingi dhidi ya magonjwa, yana vitamini A, na humsaidia mtoto kutoa choo chake cha kwanza cheusi. Ukishauriwa kuyamwaga na kumpa mtoto maji ya sukari kwanza, kataa kwa heshima, hata kama anayekushauri ni mama mkwe. Maji ya jerikeni yanaweza kumletea kuhara.

Mtoto anapaswa kuwekwa kifuani anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Lakini wapo wasioweza: aliyezaliwa kabla ya wakati, aliye mdogo sana au anayesinzia mno, au ambaye mama yake amefanyiwa upasuaji. Hapo ndipo kukamua kunapohitajika. Huhitaji kununua pampu. Kwa dang'a mkono ni bora zaidi, kwa sababu matone ni machache na mazito, na mengi hubaki yamegandia kwenye chombo cha pampu.

Chemsha kikombe kidogo na kijiko kwa dakika 10, viache vipoe. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa vizuri, ukiweza mtoto awe karibu umwone, weka kitambaa chenye uvuguvugu kwenye titi kisha ulisugue taratibu. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu, kama sentimita 2 au 3. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani, kisha bana, halafu achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu wala kuteleza vidole juu ya ngozi. Ukisikia maumivu, badilisha mahali. Mara ya kwanza unaweza kukaa dakika kadhaa bila kuona tone. Endelea. Matone yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi, kisha hamia titi la pili.

Usivunjike moyo ukipata nusu kijiko cha chai. Siku ya kwanza mtoto hunywa mililita 2 hadi 10 tu kwa mlo mmoja. Muhimu ni kurudia mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia, maana titi linalokamuliwa ndilo linalotengeneza maziwa.

Kumlisha, mshike mtoto akiwa ameinuka na yuko macho. Gusisha ukingo wa kikombe au kijiko kwenye mdomo wa chini, umwache alambe mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Chupa yenye chuchu iache; ni ngumu kuisafisha vizuri katika makazi yetu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa muda wa saa 4 mahali penye ubaridi, lakini ndani ya hema la turubai mchana usiyahifadhi: mpe mara moja, na yaliyobaki kikombeni baada ya kula yamwage.

Wengine hukamua kabla ya kujifungua, kuanzia wiki ya 36 au 37, hasa wenye kisukari. Usianze bila kumwuliza mkunga, kwa sababu kuchezea chuchu kunaweza kuleta uchungu mapema. Kama unaishi na VVU na unameza dawa zako kila siku, dang'a ni la mtoto wako pia. Mwulize nesi kuhusu dawa za mtoto.

Kwenye makazi ya Uganda kama Nakivale, Kyangwali na Kyaka II, vituo vya afya vya serikali huhudumia mkimbizi na mwenyeji pamoja, na mkunga anaweza kukuonyesha kwa mikono yake. Lakini mtoto akikataa kula kabisa, akiwa moto au baridi mno, akipumua kwa shida au akishtukashtuka, usiendelee kukamua nyumbani. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, mpeleke kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.