Wakili wa Mtu Anayechukiwa na Wote

Wasikilizaji wetu wa Ufipa, na hasa ninyi wa Mwazye na vijiji vya jirani, mwajua jinsi habari ya wizi inavyotembea katika nchi yenu ya uwanda wa juu. Asubuhi ghala ya ulezi imeonekana imevunjwa. Kabla ya jua kufika utosini, jina la mwizi limekwisha kutajwa kisimani, njiani na kilabuni. Hata afikapo mbele ya hakimu, hukumu yake imekwisha kutolewa na midomo ya watu. Sasa akitokea mtu mmoja akasema, "Mimi nasimama upande wake," je, twamwonaje? Wengi wetu twanong'ona: Huyu amepewa nini hata amtetee mwovu?

Leo twapenda kulieleza jambo hilo, maana kazi ya wakili ni ngeni kwa watu wengi wa mashamba. Sababu yake si ujinga. Kwa miaka mingi sheria haikuwaruhusu mawakili kusimama katika Mahakama za Mwanzo, nazo ndizo mahakama zijulikanazo vijijini. Huko kila mtu alisema kwa kinywa chake mwenyewe. Basi ili tuielewe kazi hii vema, hatutachukua kesi nyepesi ya ghala iliyovunjwa. Tutachukua kesi ngumu, ya watu waliochukiwa na nchi nzima.

Siku ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, mabomu mawili yalipasuka karibu kwa wakati mmoja, moja katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na jingine katika ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Miongoni mwa waliokufa Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu wa kwetu, waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kutafuta riziki. Tukumbuke hayo kwanza, wala tusiyasahau katika maneno yote yatakayofuata.

Mmoja wa walioshitakiwa alikuwa kijana wa Zanzibar, Khalfan Khamis Mohamed. Alikuwa amekimbilia Cape Town, katika Afrika ya Kusini, akafanya kazi katika duka la vyakula hata akakamatwa mwezi wa Oktoba 1999. Wakuu wa huko walimtia mikononi mwa Wamarekani kwa haraka, naye akapelekwa New York kushitakiwa mbele ya Jaji Leonard Sand. Adhabu iliyomngoja ilikuwa kifo. Mawakili waliopewa kazi ya kumtetea walikuwa Jeremy Schneider, David Stern na David Ruhnke. Fikirini uzito wa kazi hiyo: ndugu za waliokufa walikuja barazani kueleza misiba yao, na mawakili hawa walipaswa kukaa meza moja na mtu aliyeshitakiwa kuwa chanzo cha machozi hayo.

Je, walifanya nini? Hawakumleta mbele ya watu kama malaika. Ushahidi ulionyesha ya kuwa alikodi nyumba ya Ilala ambamo bomu lilitengenezwa, na kwamba alisaidia kulipakia garini. Mawakili hawakujaribu kuyakanusha yote. Walichotaka kipimwe ni kiasi cha mkono wake katika shauri lile. Je, alikuwa mwenye kupanga, au mtumwa wa waliopanga? Je, mtu aliyebeba mizigo astahili adhabu ile ile ya aliyetoa amri? Tarehe 29 Mei 2001 raia 12 walioapishwa kuamua kesi walisema ana hatia. Lakini kwa sheria ya Marekani hukumu ya kifo yahitaji wote 12 wakubaliane, nao mwezi wa Julai hawakukubaliana. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Hakuachiliwa hata siku moja. Ila alipewa adhabu iliyopimwa.

Wakati uo huo mawakili wengine walikuwa wamelipeleka shauri lake mbele ya Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini. Nchi ile ilikuwa imekwisha kuifuta adhabu ya kifo mwaka 1995. Tarehe 28 Mei 2001 mahakama ikaamua ya kuwa wakuu wa serikali walivunja Katiba yao wenyewe walipomtoa mtu bila kupata ahadi kwamba hatauawa, ikaagiza hukumu hiyo ipelekwe upesi kwa mahakama ya New York. Angalieni neno hili: kwa kumtetea mtu mmoja aliyechukiwa, mawakili waliilazimisha serikali kuitii sheria yake. Na serikali isiyoitii sheria kwa mtu mbaya leo, haitakosa sababu ya kutoitii kwa mtu mwema kesho.

Sasa twende kwenye kesi ya pili, inayowakasirisha watu zaidi. Ahmed Khalfan Ghailani, naye mtu wa Zanzibar, alishitakiwa kwa mabomu yale yale. Alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa katika gereza la siri la wapelelezi wa Marekani, kisha Guantanamo, mpaka mwaka 2009 alipopelekwa New York. Watetezi wake walikuwa Peter Quijano, Michael Bachrach na Steve Zissou. Mshitaki alitaka kumleta shahidi mkubwa, Mtanzania mmoja, aeleze habari za baruti iliyouzwa. Mawakili wakapinga, wakasema: Shahidi huyu amepatikanaje? Ikabainika ya kuwa alijulikana kwa maneno yaliyotolewa kwa mshitakiwa kwa nguvu alipokuwa gerezani. Mwezi wa Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi huyo. Tarehe 17 Novemba raia walioapishwa wakamwona Ghailani ana hatia katika shitaka moja tu kati ya mashitaka 285.

Wako waliopiga kelele, wakawalaumu mawakili. Lakini yafaa tuulize: Ni nani aliyeuharibu ushahidi ule? Si aliyefunua ila yake. Ni yule aliyeona upesi wa mateso ni bora kuliko subira ya upelelezi. Mtu aumizwaye hunena lolote ili maumivu yakome. Hutaja mwenye kosa, hutaja na asiye na kosa. Tena shitaka lile moja lilitosha: tarehe 25 Januari 2011 Ghailani alihukumiwa kifungo cha maisha. Haki haikushindwa kwa kuwa na watetezi.

Huenda msikilizaji akauliza: Ikiwa wakili ajua moyoni kwamba mtu wake ametenda, je, si mwongo anapomtetea? La. Wakili hana ruhusa kumdanganya hakimu, wala kuleta shahidi wa uongo. Akifanya hivyo yeye mwenyewe ni mkosaji. Kazi yake ni kusema, "Ninyi mnaoshitaki, thibitisheni." Kutoa hukumu ni kazi ya hakimu. Wakili akianza kuhukumu chumbani mwake, basi mshitakiwa amehukumiwa kabla ya siku ya baraza.

Wengine watasema: Kama ni hivyo, tumtetee asiye na kosa tu, na mwenye kosa aachwe. Lakini nani atawatenga kabla kesi haijasikizwa? Twawakumbusha kesi ya Kapenguria, katika Kenya, iliyoanza mwezi wa Desemba 1952. Jomo Kenyatta na wenzake 5 walishitakiwa kuwa waongozi wa Mau Mau, na jina lake lilichukiwa mno na walowezi. Alikuja D. N. Pritt kutoka Uingereza kuwatetea, pamoja na mawakili wa Kenya, India na nchi nyingine. Mmoja wao alikuwa Dudley Thompson, mtu wa Jamaica aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili hapa Tanganyika, mjini Moshi. Walishindwa, Kenyatta akapewa kifungo cha miaka 7. Lakini mwaka 1958 shahidi mkubwa wa mshitaki, Rawson Macharia, alikiri ya kuwa ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Na mwaka 1964 mfungwa yule akawa Rais wa Kenya. Hatusemi ya kuwa kila achukiwaye atakuja kuwa rais. Twasema tu kwamba siku ya kesi chuki haina macho ya kumtambua yupi ni yupi.

Wazee wa Ufipa walijua jambo hili kwa uchungu. Zamani, huko kama katika nchi nyingine nyingi za Afrika, mtu aliyeshukiwa uchawi alinyweshwa mwavi. Akitapika, yu safi. Akifa, ni mchawi. Mwavi haukuuliza maswali, haukupima ushahidi, wala hapakuwa na mtu wa kusema, "Ngojeni kwanza." Ni wangapi waliozikwa wakiitwa wachawi, na kosa lao lilikuwa tumbo lisilotapika tu? Wakili ndiye mtu wa kusema "Ngojeni kwanza." Mahali asipokuwapo, mwavi umerudi kwa jina jingine.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13, yasema ya kuwa mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika, tena yakataza mtu kuteswa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilitungwa mwaka 2002, na Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, ili asiye na mali naye apate msaada. Sheria hizi zote zaweza kusimama pamoja: ile inayomshika mtu wa hatari, na ile inayompa mtu wa kumsemea. Mjini Dar es Salaam kwenyewe, mtu mmoja aliyeshitakiwa kwa bomu la 1998 aliachiliwa na Mahakama Kuu mwezi wa Desemba 2004, kwa kuwa hatia yake haikuthibitika.

Wazee husema mnyonge hana haki. Na hakuna mnyonge kama mtu ambaye nchi nzima imemkasirikia, hata akiwa ameyataka mwenyewe. Basi siku itakapovunjwa ghala huko Mwazye, na jina likaanza kutembea, msimchukie atakayeuliza, "Nani aliona? Alikuwa wapi? Kulikuwa na mwanga gani?" Kama mtuhumiwa ndiye mwizi kweli, maswali hayo hayatamwokoa. Na kama siye, mwizi wa kweli bado yumo kijijini mwenu, naye anafurahi kuona hakuna aulizaye.