Kisa Kwanza, Dhamira Baadaye

Mwulize kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza inahusu nini, na mara nyingi atakujibu kwa neno moja: rushwa. Mwingine atasema ndoa za utotoni, mwingine usaliti katika mapenzi, mwingine ukimwi. Mwulize tena, "Sawa, lakini anayesumbuka humo ndani ni nani, na anataka nini?" Atanyamaza, au atataja jina ambalo unaona kabisa amelibuni papo hapo. Mimi ni mhariri. Miswada ya hadithi ndiyo kazi yangu ya kila siku, na ninaamini kwamba mingi inayokwama haikwamishwi na sarufi wala msamiati. Mwandishi alipoketi kuandika alikuwa na mada, akadhani ana kisa.

Hali hii ina asili yake, wala si uvivu wa vijana. Sekondari tunasomeshwa riwaya ili tujibu mtihani. Tunaulizwa dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, matumizi ya lugha. Tunakichambua kitabu vipandevipande mpaka tunaamini kwamba hata aliyekiandika alianza hivyohivyo: alichagua dhamira, kisha akatafuta wahusika wa kuibeba. Uchambuzi una faida zake, lakini ni njia ya msomaji aliyepewa kitabu kilichokwisha andikwa. Mwandishi anatokea upande mwingine. Dhamira humjia njiani, pengine akiwa katikati ya mswada, na wakati mwingine ni wasomaji wake wanaomwonyesha.

Wazo la hadithi, kwa jinsi ninavyoliona, ni mtu fulani aliyebanwa mahali fulani, pamoja na swali ambalo mwandishi mwenyewe hana jibu lake. Tazama Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Ukitaka kuifupisha kimtihani utasema malezi, au hali ya mwanamke, na hutakuwa umesema uongo. Lakini kinachokufanya ufungue ukurasa unaofuata ni jambo la karibu zaidi. Binti anabanwa nyumbani na baba mkali, na baba huyohuyo ni mlevi. Siku binti huyo atakapokuwa mbali na macho ya baba, atafanya nini? Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, na nyumbani kwa Rosa akakuweka hukohuko Ukerewe. Mahali alikuwa anapajua. Asilolijua, nadhani, na lililompa sababu ya kuandika kitabu kizima, ni mwisho wa binti yule.

Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ameeleza jinsi wazo la riwaya yake ya Paradise lilivyomjia. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akarudi kuwaona wazazi mwaka 1984. Siku moja akamwona baba yake, mzee tayari, akienda msikitini. Akapiga hesabu: mzee huyu alikuwa mtoto mdogo wakati Wazungu wanajikita katika nchi hizi. Mtoto yule aliuonaje ulimwengu ulivyokuwa unageuka mbele yake? Kitabu kilitoka mwaka 1994, na leo tunaweza kukisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ndani yake yumo Yusuf, mtoto anayetolewa kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake.

Ninakipenda kisa hiki cha Gurnah kwa sababu kinatuondolea kisingizio. Mzee anayekwenda msikitini huonekana kila siku Unguja, Lamu, Tanga, Bagamoyo. Aliyemwona hakuona deni, wala msafara wa biashara, wala Yusuf. Hivyo vyote vilikuja baadaye, kwa miaka ya kazi. Alichokipata siku ile ni mzee anayetembea na hesabu ya umri wake. Anayengoja kisa kizima kimshukie, na mwanzo wake na mwisho wake, atangoja sana.

Na kisa kizima kikikujia kutoka kwa mtu mwingine, pengine ni bora usikisikilize mpaka mwisho. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na tabia yetu. Sisi tukianza kusimuliwa jambo, swali letu la kwanza ni "Ikawaje?" Mwandishi wa Kimarekani Henry James alikuwa kwenye chakula cha jioni, mkesha wa Krismasi, mwaka 1893, na bibi mmoja mezani akataja jambo dogo: mama mjane na mwanawe wa pekee waligombana kwa sababu ya samani za thamani zilizokuwa katika nyumba ya marehemu baba. Kwa maneno hayo machache James alijua ameshapata hadithi. Lakini bibi akaendelea kusimulia yaliyotokea kweli, na James akaona kila analoongeza linamharibia. Kitabu, The Spoils of Poynton, kilitoka mwaka 1897. Alikuwa na haki ya kusikitika. Ukishajua mambo yaliishaje, unabaki na taarifa ya kuinakili. Ukiachiwa ugomvi peke yake, inakubidi uwatafute mwenyewe hao wawili ni watu wa namna gani, na huko kutafuta ndiko kuandika.

Sasa tulijaribu jambo hili kwa mfano wa kwetu. Tuseme umepanda daladala, na abiria wa kiti cha mbele anazungumza kwenye simu kwa sauti ya chini: "Hela ya kamati mimi sina. Nimeshaitumia." Kituo kinachofuata anashuka.

Mwenye kuwinda mada atafika nyumbani aandike daftarini: ubadhirifu. Amekwisha kuipoteza hadithi yake. Wewe andika maneno yenyewe kama yalivyosemwa, kisha anza kuuliza. Kamati gani? Tuchukue kamati ya harusi, kwa kuwa sote tumewahi kuchangishwa. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kadi za michango, kuna ahadi, kuna vikao vya jioni ambavyo mahudhurio yake yanapungua kadiri makusanyo yanavyokaribia. Bwana wetu basi ni mweka hazina, na harusi ni Jumamosi. Hela imekwenda wapi? Ukijibu kwamba ameinywea pombe, kisa kimekwisha, kwa sababu msomaji amekwisha kumhukumu na hana la kusubiri. Ukijibu kwamba mtoto wake amelazwa na hospitali ilitaka malipo, umesogea kidogo, ila umemsafisha mapema mno. Sasa msomaji anamwonea huruma tu, na huruma peke yake haimfikishi mtu ukurasa wa thelathini. Endelea kuuliza. Je, ikiwa aliyeichukua ile hela ni bwana harusi mwenyewe? Alikuja usiku, akamwomba kama ndugu, akamwapisha asimwambie mtu. Akisema kweli, harusi inavunjika na kiapo kinavunjika. Akinyamaza, Alhamisi kwenye kikao cha mwisho ataitwa mwizi mbele ya wazee waliomwamini. Hapo tuna mtu aliyebanwa.

Bado hatujamaliza, maana hatujaamua tunayaona haya kwa macho ya nani. Wengi hukimbilia macho ya mwenye shida. Mimi ningemjaribu mke wake, ambaye kitenge cha sare ameshakishona, amekitundika ukutani, na anamwona mumewe halali. Yeye anajua kuna jambo, hajui ni jambo gani, na kila anachokitilia shaka ni kibaya kuliko ukweli wenyewe. Na bwana harusi, hela aliitakia nini? Mimi sijui. Ningeanza kuandika leo ili nijue.

Unaona kwamba kutoka maneno sita ya kwenye daladala tumefika mbali, na hatukuhitaji kipaji cha ajabu. Tumeulizana tu, na kila jibu jepesi tumelikataa. Katika kazi yangu naona jibu la kwanza linalomjia mwandishi karibu kila mara ndilo lililowajia wote, na la pili hivyohivyo. Kuanzia la tatu ndipo unapoanza kusikia mtu mmoja akizungumza.

Swali jingine ni mahali pa kuyapata maneno kama hayo. Jibu langu ni kazi unayofanya. Muhammed Said Abdulla, baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, alianza kazi katika idara ya afya Zanzibar akiwa mkaguzi, kisha akawa mwandishi na mhariri wa magazeti, na baadaye akahariri jarida la Mkulima. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, kinadaiwa sana na Sherlock Holmes, na hakifichi: mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko, na Najum yuko pembeni kama Watson alivyokuwa. Kuazima si aibu. Lakini nyumba anazoingia Bwana Msa, salamu anazopewa, jinsi watu wanavyomficha jambo huku wakimkaribisha kahawa, hayo hayakutoka London. Ni ya mtu aliyezoea kubisha hodi kwa watu na kuwahoji.

Wewe nawe una mlango wako. Wakala wa pesa za simu anajua nani mtaani anamtumia nani hela kila mwisho wa mwezi, na anajua mwezi ambao hela zile zilikoma. Karani wa mahakama ya mwanzo anawaona ndugu wakifika pamoja kwa basi moja kuja kudaiana shamba. Muuza duka la dawa anajua dawa ambazo watu huzitaja kwa kunong'ona. Halafu wakala huyuhuyu, akiamua kuandika riwaya, anaandika majasusi wa nchi ambazo hajafika na majumba ya kifahari ambayo hajayaingia, kwa kuwa amejiaminisha kwamba maisha anayoyaona kutoka kibandani kwake hayatoshi kuwa kitabu. Jambo hili linaniuma kuliko kosa lolote la kiuandishi.

Historia ni mlango mwingine, ila unahitaji uangalifu. Mgomo wa makuli wa Zanzibar ulikuwa mwaka 1948. Adam Shafi, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa bado mtoto mdogo, lakini ndiye aliyetuandikia Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979. Hakutupa mgomo kwanza. Alitupa kijana Rashidi, na tunapoufikia mgomo tumeshamjua kiasi cha kuogopa yatakayompata. Ukitaka kuandika Vita vya Majimaji au Mau Mau, fanya utafiti wako wote, kisha tafuta mtu mmoja ambaye siku ya tukio alikuwa na haja yake nyingine kabisa.

Hofu moja ninaisikia sana, na ni ya haki: nikiandika mambo ya ukoo wangu, watanielewaje? Mwandishi Gabriel García Márquez wa Kolombia aliijua hofu hiyo. Kijana aliyemfahamu aliuawa mwaka 1951 katika mji wa Sucre, mji ambamo karibu watu wote walijua kwamba atauawa, na García Márquez alitaka kuandika mara moja. Mama yake alimzuia, kwa ajili ya mama wa marehemu ambaye alikuwa rafiki wa familia. Riwaya ilitoka mwaka 1981, miaka 30 baadaye. Sisemi kila mtu angoje hivyo. Nasema kwamba kuna kisa kilicho chako na kuna kisa ulichoaminiwa, na cha pili kina mwenyewe. Kubadilisha jina na mtaa hakutoshi. Badilisha kazi ya mtu, umri wake, idadi ya watoto, hata jinsia, na mara nyingi utagundua kisa kimekuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa umelazimika kukielewa badala ya kukikumbuka tu.

Daftari basi, au simu ukipenda. Andika yaliyosemwa kwa maneno ya msemaji, andika tabia usiyoielewa, andika kitu ulichokiona mahali pasipo pake. Usiandike maoni yako juu yake. Usimsimulie kila mtu pia, maana hadithi ikishasimuliwa barazani mara kadhaa na watu wakacheka, hamu ya kuiandika hupungua. Baada ya mwezi hivi rudi usome. Mengi yatakuwa yamepoa, yaache. Lile ambalo ulikuwa unalifikiria hata ulipokuwa hulisomi, hilo ndilo.

Kisha lipime urefu kabla hujaanza, jambo ambalo wengi hulisahau. Kisa cha mweka hazina kinaanza Jumatatu na kuisha Jumamosi, na watu wake muhimu ni watatu. Hiyo ni hadithi fupi, na ukiivuta ifike kurasa mia mbili utalazimika kuingiza polisi, mganga na mapenzi ya pembeni ambayo hayakuwamo. Rosa alihitaji miaka ya kukua mbele yetu, kwa hiyo alihitaji riwaya. Mke wa mweka hazina, ukigundua kwamba hii si mara ya kwanza mumewe kumfichia kiapo, na kwamba hata ndoa yao ilianza kwa kiapo kama hicho, huenda naye akakuomba kurasa zaidi. Hapo mpe.