Pikapu Inagonga Asubuhi ya Baridi: Ni Kawaida au Injini Inakufa?

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, Njombe mjini. Pikapu ya dizeli imelala nje usiku kucha, kioo cha mbele kimejaa umande, na mzigo wa viazi unasubiriwa Makambako asubuhi hiyo hiyo.

Dereva anapiga stata. Injini inawaka kwa kusuasua, inatetemeka, kisha inaanza kugonga: ka-ka-ka-ka, kama mtu anapiga nyundo kwenye debe. Baada ya dakika tatu inatulia, utadhani hakuna kilichotokea.

Swali linaanzia hapo. Aendelee na safari, au azime amwite fundi? Akizima bure, amepoteza kazi ya siku. Akiondoka na tatizo la kweli, injini inanoki njiani na hesabu inakuwa ya mamilioni.

Habari njema ni kwamba sauti nyingi za asubuhi zinaeleweka. Kinachotakiwa ni kujua inatoka lini, inadumu muda gani na inaambatana na nini.

Kwa nini dizeli ikiwa baridi inapiga kelele

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alipita njia nyingine: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka iwe ya moto sana, kisha mafuta yanaingizwa humo na kuwaka yenyewe.

Aliyewahi kujaza upepo kwa pampu ya baiskeli anaijua kanuni hii. Kadiri anavyosukuma, pampu inapata moto mkononi. Kwenye injini ya dizeli hewa hubanwa mara 15 hadi zaidi ya 20, na joto lake hupita nyuzi 500 za Selsiasi.

Sasa injini ikiwa imelala kwenye baridi, chuma chake kinanyonya sehemu ya joto hilo. Mafuta yanaingia lakini hayawaki papo hapo. Yanachelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na wakati huo mengine yanaendelea kuingia. Yakija kuwaka, yanawaka yote kwa mpigo. Mlipuko huo wa ghafla ndio unaosikika kama kugonga.

Chuma kikipata joto, mafuta yanaacha kuchelewa na sauti inalainika. Kwa hiyo dizeli inayogonga kiasi kwa dakika chache za kwanza, kisha ikatulia, mara nyingi haina ugonjwa.

Milimani ni zaidi

Baridi haiko peke yake. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa uko chini kwa takriban asilimia 20 kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Hewa kidogo ikiingia kwenye silinda, kinachobanwa nacho ni kidogo.

Ndiyo maana pikapu iliyokuwa kimya Dar inaweza kufika Njombe, Makete, Limuru au Kinangop na kuanza kelele asubuhi ya kwanza tu. Haijaharibika chochote. Imebadilisha hali ya hewa.

Tofauti nyingine ni umri wa gari. Pikapu za kisasa zinazoongozwa na kompyuta huingiza tone dogo la mafuta kwanza, kisha ndipo zinaingiza mengi. Tone hilo hutangulia kupasha joto na kupunguza kishindo. Hivyo pikapu mpya ikianza kugonga kama ya zamani, isipuuzwe.

Ile taa ya koili haipo kwa urembo

Kwenye dashibodi ya dizeli kuna taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la koili. Inawaka ufunguo unapogeuzwa kabla ya stata. Maana yake ni kwamba hita plagi zinapashwa moto. Ncha zake zinaweza kufika nyuzi 800 au zaidi ndani ya sekunde chache, na kazi yake ni kulipa lile joto ambalo chuma baridi kimelinyonya.

Madereva wengi wanageuza ufunguo moja kwa moja mpaka stata. Dar haina shida sana. Kwenye baridi ni kosa. Ufunguo unageuzwa, dereva anasubiri taa izime, kisha anapiga stata. Ni sekunde chache tu.

Hita plagi moja ikifa, silinda yake inachelewa kuwaka. Injini inatetemeka kama inatembelea mguu mmoja, na moshi mweupe unaochoma macho unatoka kwenye ekzosi. Moshi huo ni dizeli ambayo haikuungua. Dakika chache baadaye silinda inapata joto, mtetemo unaisha na moshi unakata.

Fundi mwenye mita ya umeme anazipima moja moja bila kufungua injini. Ikionekana imekatika kabisa, imekufa. Hili ni moja ya matengenezo ya bei nafuu kwenye dizeli, lakini watu huliacha mpaka stata na betri navyo vinachoka kwa kupigwa muda mrefu kila asubuhi.

Oili iliyolala chini

Gari likilala, oili inashuka kwenye sampu. Sekunde za kwanza baada ya kuwaka, sehemu za juu za injini zinafanya kazi na utando mwembamba tu wa oili uliobaki.

Filta nyingi zina valvu ndogo ya mpira inayozuia oili isirudi yote chini. Filta feki inaweza isiwe nayo, au ikawa nayo lakini ngumu kama plastiki. Dalili yake ni kelele kali ya sekunde mbili hadi tano mara tu injini inapowaka, halafu kimya. Kama imeanza siku chache baada ya sevisi, mshukiwa wa kwanza ni filta.

Unene wa oili pia unahusika. Kwenye galoni kuna maandishi kama 15W-40 au 20W-50. Namba iliyo kabla ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili inatiririka haraka zaidi. Anayetumia 20W-50 kwenye baridi ya milimani anaisubirisha injini ipate oili. Kinachofuatwa ni kitabu cha gari, si mazoea ya dukani.

Taa nyekundu ya oili ikiendelea kuwaka zaidi ya sekunde chache baada ya injini kushika, hapo hakuna mjadala. Injini inazimwa.

Kila sauti na maana yake

*Tak-tak-tak na injini haizunguki.* Mara nyingi ni betri dhaifu au vichwa vyake vina kutu. Baridi inapunguza nguvu ya betri, na stata ikizungusha polepole hewa haibanwi vya kutosha kupata moto.

*Mlio mkali wa kusaga wakati wa stata.* Meno ya stata hayashiki vizuri kwenye flaiwili. Kuendelea kupiga kunayamaliza.

*Mlio wa kulia kama panya, unaoisha haraka.* Mkanda wa feni umelegea, umechakaa au una unyevu.

*Chik-chik-chik upande wa ekzosi, inaisha injini ikipata moto.* Huenda gasketi ya manifodi inavuja. Chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba ule mwanya. Masizi meusi kwenye maungio ni ushahidi.

*Mlio wa mnyororo unaochakarika mbele ya injini.* Kwa injini zenye mnyororo wa taimingi, kikaza mnyororo kinaweza kuwa kimechoka. Hili si la kuahirisha. Mnyororo ukiruka meno, valvu zinaweza kugongana na pistoni.

*Mgongo wa wazi, kama mtungi mtupu, unaopungua taratibu.* Pistoni inaweza kuwa imechakaa na inacheza ndani ya silinda mpaka itanuke kwa joto. Injini inaweza kuendelea hivyo kwa muda, ila ni ujumbe kwamba umri umekwenda.

*Mgongo mkali wa silinda moja, pamoja na moshi mweusi au mweupe.* Nozeli inaweza kuwa inavuja au inapuliza vibaya.

Sauti isiyosubiri kesho

Kuna sauti moja ambayo kila dereva anapaswa kuitambua. Ni nzito, inatoka chini ya injini, na inakuwa kali mafuta yanapokanyagwa au gari likipanda mlima. Tofauti yake na kelele za baridi ni hii: haiishi injini ikipata moto. Mara nyingi inazidi, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na mwanya kwenye beringi za konrodi umeshakuwa mkubwa.

Hiyo ndiyo sauti inayotangulia injini kunoki. Ukizima mapema, pengine ni beringi na kusafisha kranki. Ukisema "ngoja nifike tu", konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku. Gharama ya kuvutwa kwa kamba mpaka gereji haifanani hata kidogo na gharama ya injini nyingine.

Dizeli yenyewe nayo

Kama kelele imeanza ghafla siku moja baada ya kujaza tangi, kituo cha mafuta kiangaliwe kabla ya injini. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa haina ulainishaji mzuri, na pampu pamoja na nozeli zinategemea mafuta hayo hayo kujilainisha. Tanzania huweka vinasaba kwenye mafuta ili kunasa uchakachuaji, lakini dereva anayenunua kwenye madumu barabarani anajitoa kwenye ulinzi huo. Risiti ya kituo itunzwe.

Tatizo kubwa: fundi haisikii

Wengi wanakwama hapa. Gari linagonga nyumbani saa kumi na moja, linafika gereji saa tatu likiwa la moto, na fundi anasema, "Mbona hii iko safi?" Wanaanza kubahatisha. Leo filta, kesho nozeli, keshokutwa pampu, na pesa zinaisha.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni simu: kurekodi video kuanzia kabla ya ufunguo kugeuzwa mpaka injini itulie, ikionyesha dashibodi, kisha moshi wa nyuma. Ya pili ni kuliacha gari lilale gereji, ili fundi mwenyewe aliwashe asubuhi.

Kwa dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja akisikiliza. Akigusa silinda yenye tatizo, mgongo unabadilika. Kwa zile za kisasa njia hii ni hatari kubwa. Mafuta humo yanaweza kuwa na mgandamizo unaozidi mara 1,000 ya hewa ya kawaida, na yakichuruzika yanapenya ngozi. Hizo zinapimwa kwa kompyuta.

Anayenunua pikapu iliyotumika

Muuzaji mjanja anajua pia kwamba injini ya moto haisemi siri. Mnunuzi akifika na kukuta gari "limeshapashwa", aguse boneti. Ikiwa ya moto, aombe kurudi kesho na aliwashe yeye likiwa baridi. Muuzaji asiyekubali hilo ameshajibu swali.

Asubuhi ya kesho

Kabla ya kuwasha, oili ipimwe kwa kijiti. Taa ya koili isubiriwe. Injini ikiwaka, isikanyagwe mafuta kwa nguvu "ili ipate moto", hasa kama ina tabo, maana oili bado haijafika vizuri kwenye beringi zake. Dakika moja au mbili zinatosha, kisha gari liondoke taratibu. Injini hupata joto haraka zaidi ikitembea kuliko ikisimama.

Gari lisipashwe moto ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Na anayefikiria kuweka makaa chini ya sampu akumbuke kuna oili na mabomba ya dizeli palepale juu.

Kwa yule dereva wa Njombe, hesabu ni rahisi. Kama mgongo umeisha ndani ya dakika chache, taa ya oili imezima na injini inavuta vizuri, viazi vinaweza kwenda Makambako. Jioni akirudi, apitie kwa fundi akapime hita plagi. Lakini kama mgongo ni mzito na unazidi kila anapokanyaga mafuta, azime hapo hapo na kutafuta gari jingine la kubeba mzigo.