Marejeo yaliyomrudisha binti Mugina

Jumapili moja baada ya misa, binti wa jirani yangu alibisha hodi akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na memwari yake ya mwaka wa mwisho, kurasa tisini na ushei, kuhusu akina mama wanaofanya biashara ya mchele na dagaa kati ya Mugina, upande wetu wa Burundi, na Manyovu, upande wa Tanzania. Kwenye jalada mwalimu wake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba vyanzo havieleweki na kwamba kazi haitapelekwa mbele ya jopo hadi irekebishwe. Alipewa majuma matatu.

"Mjomba," akaniambia, "wanadhani nimeiba."

Hakuiba. Nilisoma kazi hiyo usiku ule nikaona wazi kwamba aliyoyaandika aliyaona kwa macho yake, tena ameyaona tangu utotoni, maana mama yake ni mmoja wa wafanyabiashara hao. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuonyesha kwa utaratibu kila jambo kalitoa wapi. Na katika chuo, msomaji asipojua umelitoa wapi, hana njia ya kukutofautisha na mwizi.

Nimeamua kuandika habari hii kwa sababu najua hayuko peke yake. Familia nyingi zilizorejea kutoka Kigoma zina vijana waliosoma kidogo ng'ambo na kidogo hapa, na wazazi wao, wanaovuka mpaka na magunia ili kulipa karo, hawaelewi kwa nini mtoto anarudishwa nyuma kwa ajili ya kitu kinachoitwa marejeo. (Wengine huniuliza kama marejeo hayo ndiyo yale ya kurejea nchini. Hapana, ingawa yanasumbua karibu sawasawa.)

Binti huyu alianza chuo upande wa Tanzania kabla ya kuja Bujumbura. Kule alifundishwa mtindo wa jina na mwaka: ndani ya sentensi unafungua mabano, unaweka jina la mwandishi, mwaka wa kitabu, na ukurasa kama umenukuu maneno yenyewe, halafu mwishoni mwa kazi unapanga vitabu vyote kwa alfabeti. Alipofika hapa akakuta mwalimu aliyelelewa katika Kifaransa, anayetaka tanbihi chini ya ukurasa, jina la mwandishi kwa herufi kubwa, na "ibid." pale kitabu kilekile kinaporudiwa mara moja. Basi yeye akafanya vyote viwili. Sura ya kwanza ina mabano, ya pili ina tanbihi, ya tatu haina kitu.

Tuchukue kitabu kimoja ambacho wengi wenu mngestahili kukifahamu, maana kinawahusu. Liisa Malkki alifanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma miaka ya 1980, na kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Kwa mtindo wa APA, yaani ule wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani unaotumiwa na vyuo vingi vya Kiingereza, orodha ya mwisho inaanza na Malkki, kisha herufi za kwanza za majina yake mengine, L. H., kisha 1995 katika mabano, kisha jina la kitabu kwa herufi za mlazo, na mwisho mchapishaji, University of Chicago Press. Mji hauandikwi tena. Toleo la saba la mwongozo wao, lililotoka mwaka 2019, liliuondoa. Kwa mtindo wa tanbihi wa Kifaransa ni MALKKI kwa herufi kubwa, Liisa, jina la kitabu, Chicago, mchapishaji, 1995, halafu ukurasa. Mji umerudi na mwaka umekwenda mwisho. Habari ni zilezile, mpangilio tu ndio umebadilika.

Ndiyo maana nilimwambia asihangaike na nukta na mikato kwanza. Achukue karatasi, kwa kila chanzo aandike: nani kasema, lini, jina la kazi, na msomaji ataipata wapi. Ukiwa na hayo manne unaweza kuvaa mtindo wowote mwalimu anaoutaka. Usipokuwa nayo, hakuna mtindo utakaokuokoa.

Vitabu vilitumaliza haraka, isipokuwa mahali pawili. Kwanza, alikuwa ametaja kitabu cha Jean-Pierre Chrétien kuhusu historia ya Maziwa Makuu, akaandika jina la Kifaransa na mwaka 2003. Lakini Kifaransa kilitoka mwaka 2000. 2003 ni mwaka wa tafsiri ya Kiingereza ya Scott Straus. Yeye alisoma ipi? Ya Kiingereza, katika maktaba ya kule. Basi aandike hiyohiyo aliyoishika mkononi, na jina la mfasiri, kwa sababu namba za kurasa hazilingani. Pili, alikuwa amenukuu maneno ya René Lemarchand ambayo hakuyasoma kwa Lemarchand bali ndani ya tasnifu ya mtu mwingine. Hili wanafunzi hulifanya kila siku. Unaandika kwamba Lemarchand amenukuliwa na fulani, na kwenye orodha unamweka yule fulani uliyemsoma. Ukijifanya umesoma kitabu chenyewe, siku jopo litakapokuuliza kina jalada la rangi gani utatoka jasho.

Makala za majarida huhitaji zaidi: jina la makala, jina la jarida, juzuu, namba, kurasa za mwanzo na mwisho. Sura iliyo ndani ya kitabu cha wengi huanza na aliyeandika sura, si mhariri ambaye jina lake limekaa kwenye jalada. Gazeti ni tarehe kamili na ukurasa. Hayo yako katika kila mwongozo, sitayarudia.

Sheria zilitupa kazi. Aliandika "kwa mujibu wa sheria ya forodha", basi. Sheria ipi? Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ni ya mwaka 2004. Sheria haina mwandishi. Unataja jina lake, mwaka wake, na kifungu. Ikiwa ni sheria ya nchi, unataja namba, tarehe ya kutiwa saini, na gazeti rasmi la serikali ilimochapishwa. Mfanyabiashara anayesoma hapa ataelewa mara moja: afisa akikuambia "sheria inakataza", na wewe humuulizi kifungu gani?

Kurasa za intaneti ndizo zilizomchafulia zaidi. Alinakili anwani ndefu, mistari mitatu, na nyingine alipozibofya hazikufunguka. Anwani peke yake si rejeo. Anza na aliyeandika au taasisi, kisha tarehe, kisha kichwa cha habari, ndipo anwani. Pasipo tarehe, sema bila tarehe, usibuni. Na kama ukurasa hubadilika, mfano wa bei ya kubadilisha fedha, andika siku uliyousoma, maana kesho utasema jambo jingine.

Hapa niongeze jambo ambalo wakati wetu halikuwapo. Marejeo mawili kwenye orodha yake sikuyapata popote. Waandishi wanaonekana wa kweli, majarida yanaonekana ya kweli, makala hazipo. Nilipombana akakiri kwamba aliiomba programu ya akili bandia imtafutie vitabu. Programu hizo huweza kutunga rejeo kamili lenye juzuu na kurasa, la kitu ambacho hakikuandikwa kamwe. Nadhani ni hayo mawili yaliyomtia mwalimu shaka kuhusu kazi nzima. Tukayafuta, pamoja na aya mbili zilizoyategemea.

Yaliyobaki yalikuwa mahojiano, na hapo ndipo nilipoacha kumsahihisha nikaanza kujiuliza.

Alizungumza na akina mama kumi na wanne. Kwa mujibu wa utaratibu alioambiwa, aliweka jina kamili la kila mmoja, mtaa, tarehe, na simu. Vizuri sana kwa rejeo, vibaya sana kwa wenyewe. Baadhi walimsimulia walivyopita njia za panya usiku wakati hawakujua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni zao la nchi za Jumuiya, unaweza kupita kwa cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa. Memwari ikishapita huwekwa maktaba. Mtu yeyote anaweza kuifungua. Je, binti huyu alikuwa tayari kumpa afisa wa forodha orodha ya majina na simu iliyopigwa chapa kwa jasho lake mwenyewe?

Alinyamaza. Kisha akasema mwalimu hatakubali chanzo kisicho na jina.

Atakubali, nikamwambia, ukieleza sababu. Mwongozo wa APA wenyewe hauwaweki waliohojiwa kwa utafiti katika orodha ya vitabu. Hao ni data yako, unawaeleza katika sura ya mbinu. Kwa hiyo: Mhojiwa wa 4, mfanyabiashara wa mchele, Mugina, mwezi na mwaka. Majina halisi hukaa kwenye daftari ambalo wewe na mwalimu wako tu mnaliona. Malkki naye hakuwaanika kwa majina wakimbizi waliomsimulia, na kitabu chake hakikupungua uzito.

Siku ya pili alirudi Mugina. Aliwapitia wote kumi na wanne, akiwauliza upya kama wanakubali maneno yao yaandikwe na kwa namna gani. Wawili walikataa kabisa, akawatoa. Wengine walikubali namba. Aliyebisha alikuwa mmoja, naye ni mama yake.

"Mimi niitwe Mhojiwa wa 1?" mama akamwuliza. "Kambini nilikuwa namba, kwenye kadi ya chakula namba. Nimerudi nyumbani ili mwanangu anipe namba?"

Msingi wa sura ya nne ni daftari la mama huyo: mauzo, nauli, ushuru, na madeni ya mwaka 2019 hadi 2022, kwa kalamu ya bluu, mengine kwa penseli. Maandishi yasiyochapishwa nayo hurejewa: aliyeyaandika, maelezo ya kilichomo, miaka, kwamba hayajachapishwa, na yalipo. Tukakubaliana hivi. Alichosema mama kuhusu njia za usiku kibaki na namba, pamoja na wenzake, asijulikane ni yupi. Daftari, ambalo halina lawama ndani yake, liwekwe kwa jina lake kamili, jina la Kirundi likitangulia kama lilivyo kwenye kitambulisho. Majina ya wadaiwa yafunikwe.

Mwalimu aliipokea kazi siku mbili kabla ya muda kuisha. Alirudisha swali moja tu, kwa penseli safari hii: hilo daftari la mauzo, msomaji akitaka kulihakiki atalikuta wapi? Binti akajaza nafasi iliyobaki: linahifadhiwa na mwenyewe, soko la Mugina.