Bumu la siku 60: hesabu ya wiki ya mwanachuo wa Mtwara, na somo kwa mwenye duka

FEDHA za kujikimu za wanachuo zinapoingia benki, wafanyabiashara wa Mtwara mjini hutambua siku hiyo hiyo. Vibanda vya chipsi hujaa, bajaji hazikai kijiweni, na wenye nyumba huanza kupita wakikumbushia kodi. Baada ya wiki sita au saba mambo hugeuka. Mteja yule yule aliyekuwa akiagiza kuku anaomba kupimiwa unga nusu kilo, tena kwa mkopo.

Hali hiyo inamhusu mwanachuo mwenyewe na mzazi anayemsomesha. Inamhusu pia mwenye duka, mama ntilie na yeyote aliyejenga vyumba vya kupangisha karibu na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris Mtwara au Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi ya Mtwara. Hawa wote wanategemea fedha inayokuja kwa mkupuo mmoja, ilhali matumizi yake ni ya kila siku.

Elfu kumi isiyokuwa elfu kumi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilipandisha kiwango cha juu cha fedha za chakula na malazi kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Fedha hizo, ambazo wanachuo huziita bumu, kwa kawaida hutolewa kwa mafungu ya siku 60 hivi. Anayepata kiwango hicho kamili hupokea Sh. 600,000 kwa fungu moja.

Kosa la kwanza hutokea hapo. Kijana huambiwa ana Sh. 10,000 kwa siku, naye hutumia Sh. 10,000 kwa siku. Anasahau kwamba ndani ya fedha hiyo mna kodi ya chumba, umeme na maji.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu, na msomaji aweke bei za mtaa wake. Kodi ya chumba kwa miezi miwili ni Sh. 80,000, umeme na maji Sh. 25,000, vitini na kuchapisha kazi za darasani Sh. 30,000. Jumla ni Sh. 135,000. Kinachobaki ni Sh. 465,000. Akiendelea kutumia Sh. 10,000 kila siku, fedha itamwishia siku ya 47, na bado siku 13 mbele yake.

Hizo siku 13 ndizo zinazozaa madeni dukani, mikopo ya simu yenye riba, na kuuza godoro au simu kwa bei ya kutupa.

Gawa kwa tisa

Mtu wa biashara hutenganisha gharama za kudumu na gharama zinazobadilika. Mwanachuo afanye vivyo hivyo siku ile ile fedha inapoingia. Kwanza aondoe zile Sh. 135,000. Pili aondoe akiba ya dharura, tuseme Sh. 60,000, kwa ajili ya ugonjwa au safari ya msiba. Zinabaki Sh. 405,000.

Siku 60 ni wiki nane na siku nne. Ni busara kugawa kwa wiki tisa, maana fungu linalofuata huweza kuchelewa. Sh. 405,000 kwa wiki tisa ni Sh. 45,000 kwa wiki. Hiyo ndiyo bajeti halisi, nayo inaweza kugawanywa hivi:

Chakula: Sh. 31,500 (Sh. 4,500 kwa siku)
Nauli: Sh. 5,000
Bando la simu: Sh. 3,000
Sabuni na usafi: Sh. 3,000
Mengineyo: Sh. 2,500

Kila Jumatatu atoe Sh. 45,000 tu. Ikiisha Ijumaa, asiguse ya wiki inayofuata. Apunguze mlo wa kununua na apike. Ikibaki, iingie kwenye akiba. Kinga hii ina faida moja kubwa: kosa la wiki moja huumiza wiki hiyo, haliharibu fungu zima.

Ulinganisho mmoja unatosha. Akinunua simu ya Sh. 150,000 wiki ya kwanza, Sh. 405,000 hushuka hadi Sh. 255,000. Kwa wiki tisa hiyo ni Sh. 28,300 hivi kwa wiki, yaani kama Sh. 4,000 kwa siku kwa chakula, nauli, sabuni na yote mengine.

Kusoma soko na bahari

Sh. 4,500 ya chakula hainunui kitu kile kile mwaka mzima. Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mahindi mapya huingia sokoni baada ya hapo, kwa hiyo miezi ya Januari hadi Machi, vyuo vikiwa vimefunguliwa, ndiyo ambayo akiba za nafaka zimepungua na unga huelekea kupanda. Muhogo ndio mkombozi wa miezi hiyo, kwa kuwa hukaa shambani ukisubiri, na makopa hutunzika. Mwanachuo anayedharau ugali wa muhogo hulipia dharau hiyo.

Upande wa kitoweo, mwezi wa angani una neno lake. Siku za giza wavuvi wa taa hupata dagaa kwa wingi. Huo ndio wakati wa kununua dagaa wakavu wa wiki mbili tatu, kwani hutunzika. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali na pweza huokotwa kwenye miamba ya pwani, tangu Msangamkuu hadi Msimbati. Siku za maji mafu pweza huadimika. Anayejua kalenda hii hupanga mboga yake. Asiyeijua hununua kwa bei ya siku.

Jambo la tatu ni kipimo. Mafuta ya kupimiwa, mkaa wa kopo na sukari ya kufungiwa huonekana rahisi, lakini ukijumlisha kwa wiki, bei ya lita au ya kilo huwa juu. Wanachuo watatu wanaochanga na kupika chungu kimoja hununua dumu la mafuta na gunia la mkaa, na kila mmoja hulipa pungufu.

Mzazi wa korosho

Wako wasio na mkopo, au wenye mkopo pungufu. Hao hutegemea nyumbani, na nyumbani kwa wengi ni Tandahimba, Newala, Masasi au Mtwara Vijijini, ambako fedha kubwa ni ya korosho. Minada ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU huanza Oktoba. Ada ya chuo nayo hudaiwa kipindi hicho hicho, kwa hiyo ada hulipika. Tatizo ni Mei na Juni, fedha ya korosho imekwisha na kijana bado yuko darasani.

Msimu wa 2018/19 ulitoa funzo. Serikali iliamua mwezi Novemba 2018 kununua korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo, bei iliyopokewa kwa furaha, lakini malipo ya wakulima wengi yalisogea hadi mwaka 2019. Bei nzuri isiyofika kwa wakati hailipi chakula cha wiki. Mzazi anayelipwa mara moja kwa mwaka atenge posho ya chuo siku ya malipo, aigawe kwa wiki za masomo zilizobaki, na aitume kidogo kidogo badala ya yote Desemba.

Somo kwa mfanyabiashara

Mama ntilie anayekopesha wanachuo kumi, sahani mbili kwa siku za Sh. 1,500, kwa zile siku 13 za ukame, amefungia Sh. 390,000 mitaani. Kwa biashara ndogo huo ni mtaji mzima. Ni afadhali kuweka kikomo cha deni kwa kila mteja, kuandika, na kuuza kadi za mlo za kulipia mapema bumu linapotoka, kwa punguzo dogo.

Mwenye duka naye aagize kwa zamu: wiki za mwanzo vinywaji, sabuni za manukato na vitafunwa, wiki za mwisho unga, dagaa, maharage na vipimo vidogo. Mwenye vyumba akubali kodi ya miezi miwili miwili inayofuatana na mafungu, na katika hesabu zake aweke miezi ya likizo ambayo vyumba vinaweza kuwa vitupu. Anayekokotoa faida ya nyumba kwa miezi 12 kamili anajidanganya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa 40 na kalamu ndiyo gharama ya kuanzia, na siku ya kuanza ni ile fedha inapoingia, kabla ya sahani ya kwanza ya kuku.