Goti Lako Halijirepeani: Kwa Nini Wanasayansi Wanakuza Gegedu Juu ya Kauri

Ukijikata na kisu, baada ya siku kadhaa umepona. Ukivunjika mfupa, unapigwa plasta, unarudi fiti. Lakini gegedu ya goti ikichanika, hiyo ni ngori ingine kabisa.

Gegedu ni nini? Ukimaliza paja la kuku, cheki kichwa cha mfupa. Ile kitu nyeupe inateleza, ndio hiyo. Nawe uko nayo, na ndio inazuia mifupa isisuguane ukikimbia ama ukicheza boli. Shida ni moja: haina mishipa ya damu. Ni kama mjengo haufikiwi na barabara. Simiti itafikaje?

Mwaka wa 1994, madaktari wa Sweden walitoa ripoti iliyoshtua wengi. Walichukua seli za gegedu kutoka kwa goti la mgonjwa, wakazizidisha maabara, kisha wakamrudishia. Poa sana, lakini seli hizo zikikuzwa kwa sahani bapa zinasahau kazi yake. Zinabadilisha umbo na kuanza kutengeneza nyama ya kufanana na kovu. Na hata ukipata gegedu safi, utaishikisha aje kwa mfupa? Maze, hakuna gundi ya hiyo.

Hapo ndio kauri inaingia. Si ya kikombe cha chai. Hii ni ya kalsiamu na fosfeti, madini zilezile ziko kwa mfupa wako, na imejaa vitundu kama sponji. Timu ya Rita Kandel huko Toronto, Kanada, ilipanda seli juu ya kauri ya aina hiyo. Gegedu ikamea juu, ikajishikilia ndani ya vitundu. Kipande hicho kikiwekwa kwa goti, mfupa unamea kutoka chini na kuingia kwa kauri. Juu gegedu, chini mfupa, zote zimeshikana kwa kauri moja. Walijaribu kwa magoti ya kondoo, na matokeo yakachapishwa 2006.

Lakini wewe si kondoo, na hii si spea ya kununua Kirinyaga Road. So goti likifura baada ya mechi, usilifunge bandeji ukarudi uwanjani juu mabeste wanakungoja. Ona daktari mapema. Gegedu uliyozaliwa nayo bado inashinda yoyote ya maabara.